Kuziba, Kupasha Joto au Kuacha Wazi: Ulinganisho wa Njia za Kuitunza Boti Gatini Wakati wa Baridi

Boti inayobaki majini nchini Uingereza kuanzia Novemba hadi Machi hupatwa na matatizo mawili ambayo wamiliki wengi huyatafutia dawa moja. La kwanza ni kuganda kwa maji yaliyosalia ndani ya injini, mabomba na pampu. La pili ni unyevu unaotua juu ya magodoro, mbao na nyaya za umeme hadi koga ikaota. Baridi ya kugandisha maji haiji kila usiku katika pwani ya kusini, lakini usiku mmoja unatosha kupasua bomba, kwa kuwa maji yanapogeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9. Unyevu haupasui kitu, ila haupumziki hata siku moja katika miezi hiyo mitano. Mtu anayenunua hita akiamini kwamba ametibu yote mawili kwa mpigo hufika Machi akiwa na bili kubwa ya umeme na godoro lenye madoa meusi upande wa chini.

Kwa maoni yangu, uamuzi unaotangulia ununuzi wowote ni kama boti itazibwa au itaachwa ipitishe hewa, kwa sababu kifaa kinachofaa katika hali moja hupoteza fedha katika hali ya pili. Ili ulinganisho uwe wa haki nitachukua boti moja ya mfano: ya faibaglasi, urefu wa mita 9 hivi, imefungwa katika marina ya Southampton au Portsmouth yenye umeme gatini, na mwenyewe huja kuiangalia kila baada ya wiki mbili au tatu. Boti za chuma za kwenye mifereji, na zile zinazofungwa kwenye boya bila umeme, zina hesabu yake, nazo nitazigusa mwishoni.

Hewa na maji yake

Hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 uwezo huo hushuka hadi gramu 9 na kidogo, na katika nyuzi 0 hubaki gramu zisizofika 5. Ndiyo maana mtu akilala botini Jumamosi, akapika, akachemsha chai na kuanika koti lililolowa, kisha akafunga mlango Jumapili jioni na kurudi nyumbani, mvuke wote aliouacha hugeuka matone usiku ule ule. Matone hayo hutua mahali palipo baridi kuliko pengine pote: kwenye fremu za madirisha ya alumini, kwenye ubavu wa boti nyuma ya kabati, na chini ya godoro ambako hewa haipiti. Aliyekulia Mombasa au Unguja anaijua koga ya masika inayoota kwenye viatu na mikanda ya ngozi. Kule huletwa na hewa iliyojaa maji wakati wa joto, huku huletwa na kuta baridi, lakini ni koga ile ile, nayo hupata nafasi pale unyevu wa hewa unapozidi kiasi cha asilimia 70 kwa muda mrefu. Anayefaulu kuushikilia unyevu kati ya asilimia 55 na 60 hana haja ya kuhangaikia kitu kingine katika upande huu.

Tuchukue siku ya kawaida ya Januari: nje kuna nyuzi 8 na unyevu wa asilimia 85. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo inabeba takriban gramu 7 za maji. Boti yetu ya mfano ina nafasi ya ndani ya mita za ujazo 20 hivi. Ikiwa matundu yake yako wazi kiasi kwamba hewa yote ya ndani hubadilika mara moja kwa saa, basi kwa siku nzima hupita humo zaidi ya kilo 3 za mvuke, na kuishusha hewa hiyo hadi asilimia 60 kwa kunyonya maji tu kungehitaji kukusanya karibu lita moja kila siku. Boti hiyo hiyo ikizibwa vizuri hata hewa inayoingia ikawa sehemu moja ya kumi, maji ya kukusanya hushuka hadi takriban gramu 100 kwa siku. Tofauti hiyo ya mara kumi ndiyo inayoamua gharama ya kila njia tutakayoiangalia.

Kuiacha wazi bila kifaa

Njia isiyogharimu chochote ni kuyaacha matundu ya mbele na ya nyuma wazi, upepo uingie huku utokee kule. Makabati hufunguliwa milango, mbao za sakafu huinuliwa moja moja, maji ya ngama (yanayotuama chini kabisa ndani ya boti) hufuliwa na kumaliziwa kwa sponji, na kila kitu cha nguo (magodoro, mapazia, makoti ya mvua, blanketi) hupelekwa nyumbani. Watu hulidharau hili la kupeleka vitu nyumbani kwa kuwa ni la jasho na halina mashine ya kujivunia, lakini hakuna ununuzi wowote utakaookoa magodoro kwa uhakika unaofikia chumba kikavu cha nyumba yako.

Kasoro yake ni kwamba ndani hakuwezi kuwa kukavu kuliko nje. Pwani ya kusini hupata wiki nzima za mvua na ukungu ambapo unyevu hauondoki kwenye asilimia 90, na katika wiki hizo karatasi za ramani hulegea, viunganishi vya nyaya huanza kufanya kutu ya kijani, na harufu ya uvundo hufika hadi ndani ya friji. Hewa inayotembea huchelewesha koga, haiizuii kabisa. Hata hivyo kwa boti ya mbao ningeichagua njia hii bila kusita. Mbao za boti zinataka unyevu wa kadiri. Zikikaushwa mno husinyaa na maungio yakafunguka, kama anavyojua fundi yeyote wa Lamu aliyewahi kutia kalafati upya jahazi lililokaa muda mrefu nchi kavu juani.

Kupasha joto

Hita haziondoi hata tone moja la maji botini. Zinachofanya ni kuiongezea hewa uwezo wa kubeba mvuke, ili kipimo cha asilimia kishuke. Maji yenyewe yanaendelea kuwapo mpaka yatoke kupitia tundu au yakutane na ukuta baridi. Kwa hiyo anayepasha joto lazima aache matundu wazi, na kuacha matundu wazi maana yake ni kulipia joto linalotoka nje.

Katika mfano wetu, kuipandisha hewa kutoka nyuzi 8 hadi 12 kunaushusha unyevu kutoka asilimia 85 hadi karibu 66, jambo ambalo lingeridhisha. Tatizo ni kiasi cha umeme. Ubavu wa faibaglasi usio na kihami hupitisha joto kwa wepesi, na kwa makadirio yangu boti ya ukubwa huu hupoteza wati 150 hivi kwa kila nyuzi moja inayozidi baridi ya nje. Nyuzi 4 zinahitaji takriban wati 600 mchana na usiku, yaani uniti zaidi ya 14 kwa siku. Kwa bei ya robo ya pauni kwa uniti, iliyo karibu na bei za majumbani za Uingereza katika miaka ya 2024 na 2025, hiyo ni pauni 3 na nusu kila siku, na zaidi ya pauni 500 kwa siku 151 za Novemba hadi Machi.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini bomba jembamba la kupasha joto, lile la wati 80 linalouzwa pia kwa ajili ya vibanda vya bustani, limepewa sifa lisilostahili. Likiwekwa katikati ya sebule ya boti, wati 80 hazifikishi hata nyuzi moja ya joto. Likiwekwa ndani ya chumba kidogo cha injini kilichofungwa, ambacho kuta zake ni chache na matundu yake ni madogo, linaweza kukiinua kwa nyuzi 4 au 5, na hizo ndizo nyuzi zinazohitajika usiku wa jalidi, yaani wa baridi ya kugandisha maji. Kifaa ni kile kile. Mahali kinapowekwa ndipo panapotofautisha pesa iliyotumika na pesa iliyotupwa.

Hita ya umeme yenye mbavu zilizojaa mafuta, ya wati 500 au 700, ni chaguo zuri kuliko bomba kwa nafasi ya kulala, mradi iwe na themostati yenye alama ya kuzuia jalidi, ambayo huiwasha hita hewa inaposhuka hadi nyuzi 5 hivi na kuizima ikipanda. Ikiachwa kwenye alama hiyo haifanyi kazi siku nyingi za majira yote. Tukisema inawaka saa 6 kwa usiku 40, hita ya wati 500 itatumia uniti 120, sawa na pauni 30. Mtu akiizungusha hadi alama ya nyuzi 15 kwa kuwa alisikia baridi siku alipokuja, akasahau kuirudisha, itawaka mfululizo na kumla pauni 3 kila siku.

Hita ya feni isiachwe ndani ya boti isiyo na mtu. Feni yake hunyonya vumbi na nyuzi za nguo, ikikwama koili hubaki nyekundu, na ndani ya boti kila kitu kiko karibu na kila kitu. Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi ni mbaya zaidi kwa kazi hii: mbali na hatari ya hewa ya ukaa yenye sumu (monoksidi ya kaboni), kila kilo moja ya propani inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji humo humo ndani. Hita ya dizeli iliyofungwa na fundi, ambayo moshi wake hutoka nje, hutoa joto kavu na ni starehe kubwa kwa anayelala botini, lakini haikukusudiwa kuachwa peke yake wiki tatu.

Kuziba na kukausha

Mashine ya kukausha hewa hufanya kinyume: hukusanya maji na kuyatoa nje, na haitaki hewa mpya. Kuna za aina mbili, na kwa boti tofauti yake si ndogo.

Ya kwanza ina kompresa na koili baridi, mfano wa friji. Hewa ikigusa koili, mvuke hudondoka ukawa maji. Nyumbani kwenye nyuzi 18 hii ndiyo inayotumia umeme kidogo zaidi. Katika boti ambayo ndani yake ni nyuzi 7, koili yenyewe huganda, mashine ikasimama ijiyeyushe barafu, ikaanza tena, ikaganda tena. Inatumia umeme huku kibakuli chake kikiwa karibu kitupu. Ya pili ina gurudumu la zeolaiti, madini yanayonyonya mvuke, linalozunguka polepole. Upande mmoja hunyonya mvuke, upande wa pili hukaushwa na hita ndogo, na maji hukusanywa. Hii hufanya kazi hadi nyuzi 1 hivi. Inatumia wati 300 hadi 350 kwenye mwendo mdogo na karibu mara mbili yake kwenye mwendo mkubwa, kiasi kinachomfanya mnunuzi aikimbie dukani akilinganisha maandishi ya boksi peke yake.

Ila umeme huo haupotei. Wote hugeuka joto ndani ya boti, na juu yake huongezeka joto ambalo mvuke huliachia unapogeuka maji, takriban uniti 0.7 kwa kila lita inayokusanywa. Mashine ya zeolaiti kwa hiyo ni hita ndogo inayokausha, na usiku wa baridi ya wastani joto hilo la pembeni linatosha kuiweka boti iliyozibwa juu kidogo ya kiwango cha kuganda. Tukisema inawaka saa 6 kwa siku, inatumia uniti 2 na kidogo, sawa na senti 50 za pauni au zaidi kidogo, na karibu pauni 80 kwa majira yote. Boti iliyozibwa vizuri huhitaji nusu ya saa hizo. Bei ya mashine yenyewe ni kati ya pauni 150 na 200 kwa aina za kawaida, na ikitunzwa hudumu miaka kadhaa.

Kwa boti yetu ya mfano hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Lakini ina masharti kadhaa, na yakipuuzwa mashine huwa mzigo. Matundu yote ya hewa yazibwe: yale ya kwenye sitaha kwa vifuniko vyake, mengine kwa mfuko wa plastiki na utepe, kwani mashine ya kukausha ndani ya boti yenye tundu wazi inajaribu kukausha bandari nzima ya Southampton. Mifereji ya kutolea gesi katika sanduku la mtungi isizibwe kamwe, na aliyeziba matundu ya kabini ayafungue kabla ya kuwasha jiko au hita yoyote inayounguza mafuta. Kipimo cha unyevu kiwekwe kwenye asilimia 55 au 60, si chini ya hapo, kwani fanicha za mbao hupinda na vanishi hupasuka hewa ikiwa kavu mno.

Maji yanayokusanywa yatoke kwa mpira hadi kwenye sinki, kwa sababu kibakuli hujaa na mashine ikajizima yenyewe. Hapa pana mtego: wengi hufunga vali zote za chini ya maji kabla ya kuondoka, ikiwemo ya sinki, kisha wakashangaa kukuta sinki limefurika na maji yameingia ngamani. Ama vali hiyo iachwe wazi na mpira wake ukaguliwe, ama mpira uelekezwe kwenye ndoo kubwa. Mtego wa pili uko dukani. Mashine nyingi za vitufe vya kielektroniki hubaki zimezima umeme ukikatika na kurudi, na gatini umeme hukatika; chagua yenye kitasa cha kuzungusha au inayokumbuka ilipoachwa. Ijaribu nyumbani kwa kuchomoa plagi na kuirudisha.

Chumvi za kunyonya unyevu

Vibakuli vya kloridi ya kalsiamu huuzwa kwa pauni chache, na picha ya maji yaliyojaa chini yake humfurahisha mwenye boti. Rejea hesabu ya juu: katika boti iliyo wazi, lita moja kwa siku ingehitajika, na kibakuli cha kawaida kingeshiba ndani ya siku moja au mbili bila kuibadilisha hewa. Maji yaliyojaa yanathibitisha tu kwamba hewa ya nje ina mvuke. Chumvi hizi zina maana ndani ya kabati moja lililofungwa, la vyombo vya umeme au nyaraka, na hata hapo ziwekwe mahali pasipoyumba, kwa kuwa maji yake ya chumvi hula chuma na huharibu mbao vibaya kuliko unyevu wenyewe.

Jalidi

Boti inayoelea katika maji ya bahari ina bahati ambayo boti iliyopandishwa nchi kavu haina. Maji ya bahari hugandia karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na mlango wa bahari wa Solent, ulio mbele ya Southampton na Portsmouth, hubaki na nyuzi kadhaa juu ya sifuri hata Februari, kwa hiyo sehemu yote ya chini ya boti hupashwa joto bure. Injini iliyokaa chini ya mstari wa maji ina kinga ya asili. Vinavyopasuka kwanza ni vya juu: bomba la kuogea la nyuma ya boti, vali ya kuchanganyia maji ya moto na baridi, pampu ya choo, kichujio cha maji matamu.

Hata hivyo mtu asitegemee kawaida ya hali ya hewa. Desemba ya 2010 ilikuwa na wastani wa nyuzi 0.7 chini ya sifuri katika rekodi ya Uingereza ya Kati, baridi ambayo Desemba haikuwahi kuifikia tangu 1890, na mwishoni mwa Februari 2018 upepo wa mashariki ulileta theluji hadi pwani ya kusini. Siku kama hizo umeme wa gatini ukikatika, kila kinga inayotegemea plagi imekwisha. Ndiyo sababu, kwa upande wa jalidi, nazipa nafasi ya kwanza njia zisizotumia umeme.

Maji matamu yatolewe yote: tangi, tangi la maji moto, mabomba na pampu, na bomba zote ziachwe wazi ili tone lililobaki lipate pa kutanukia. Injini yenye kipoza joto cha ndani ikaguliwe mchanganyiko wake wa kulanti, yaani maji ya kupoza injini yaliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda. Nusu kwa nusu ya glikoli ya ethilini na maji hulinda hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Upande wa maji ya bahari, funga vali, fungua kifuniko cha kichujio, washa injini na umimine kulanti humo mpaka rangi yake ionekane kwenye moshi wa nyuma, kisha zima mara moja. Ufunguo wa injini ufungwe kwenye mpini wa vali ile, ili asitokee mtu wa kuiwasha wakati vali imefungwa. Mabomba ya maji ya kunywa, ikibidi yatiwe dawa, yatiwe glikoli ya propilini peke yake, kwa kuwa ile ya ethilini ni sumu.

Betri zijazwe chaji. Betri ya risasi iliyojaa haigandi katika baridi yoyote ya Uingereza, lakini iliyokwisha inaweza kuganda kwa nyuzi 7 au 10 chini ya sifuri. Tangi la dizeli lijazwe pia, ili kuta zake zisibaki tupu za kutonesha maji. Bakteria na kuvu wa dizeli huishi pale mafuta yanapokutana na maji.

Kazi hizi zote huchukua siku moja, na vifaa vyake havifiki bei ya mashine moja ya kukausha. Aliyezimaliza anaweza kuiona hita ya alama ya jalidi kama kinga ya pili, au asiwe nayo kabisa.

Umeme wa gatini wenyewe

Njia yoyote ya plagi ina gharama ambayo haionekani kwenye mita. Boti zilizounganishwa gatini hushirikiana waya wa ardhi, na metali zao zikiwa katika maji yale yale ya chumvi hutokea mkondo mdogo unaokula anodi (vipande vya zinki au alumini vinavyofungwa ili viliwe kwanza), na zikiisha hizo unahamia kwenye propela na shafti. Boti iliyokaa kwenye plagi miezi mitano bila kizuia mkondo huo kwenye waya wa ardhi inaweza kumaliza anodi ambazo zingedumu mwaka. Anayepanga kutumia mashine ya kukausha kila mwaka na akifunge kifaa hicho kabla ya majira ya kwanza.

Waya wa gatini usiachwe umeviringishwa wakati unabeba mzigo, maana hupata joto. Plagi ya bluu ya ampea 16 ikiwa na meno meusi ibadilishwe. Soma pia mkataba wa bima na kanuni za marina: baadhi hukataza hita kuachwa ikiwaka bila mtu, na baadhi zinaruhusu mashine ya kukausha peke yake. Kama mita ni ya kadi ya malipo ya kabla, salio likiisha tarehe 10 Januari boti haitakupigia simu.

Mifereji, na boya lisilo na umeme

Boti ya chuma kwenye mfereji wa ndani ya nchi inabadilisha mizani. Maji matamu huganda kwa nyuzi 0, chuma hupitisha baridi, na hakuna bahari ya kuipasha joto. Kutoa maji kwenye mabomba huko ni lazima. Kwa upande mwingine boti hizi kwa kawaida zina kihami cha povu, hivyo anayeishi ndani na kuwasha jiko la kuni au makaa hupata ukavu kwa gharama ambayo boti ya faibaglasi haiwezi. Matundu yake ya kudumu yamewekwa kwa ajili ya jiko hilo na huangaliwa katika ukaguzi wa Boat Safety Scheme, mpango wa usalama wa boti za mito na mifereji ya Uingereza, kwa hiyo njia ya kuziba haimfai anayelala humo. Tangu Aprili 2019 ukaguzi huo unadai kengele ya hewa ya ukaa yenye sumu katika boti nyingi zenye sehemu ya kulala.

Walioko Uswidi, Ufini au Kanada hawana mjadala mrefu: maji ya Baltiki yana chumvi kidogo na huganda, maziwa ya Kanada vivyo hivyo, na karibu kila boti hupandishwa nchi kavu ifikapo vuli.

Aliyefungwa kwenye boya ndani ya mto wa Uingereza bila umeme amebakiwa na njia ya kuacha wazi. Paneli ya sola haitamwokoa, kwani Desemba hutoa sehemu ndogo sana ya umeme wake wa kiangazi, kiasi cha kuzitunza betri na labda kuzungusha feni moja ndogo ya sitahani, si cha kuendesha mashine ya kukausha. Atoe maji yote, apeleke nguo zote nyumbani, aache kila mlango wa ndani wazi. Marina nyingi hukodisha nafasi za majira ya baridi, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi, kwa bei iliyo chini ya ile ya kiangazi, na kwa boti yenye fanicha na vyombo vya thamani huenda ikamfaa kuhamia huko. Kabla ya kusaini aulize kama umeme umo ndani ya bei hiyo au una mita yake, uniti moja inauzwaje, na kama kuna mfanyakazi anayepita gatini kuangalia taa za nguzo za umeme baada ya dhoruba.